"Uwanja Uko Wazi": Uhakiki wa Istilahi za Uwanja wa Shabaha

Istilahi nyingi zinazojadiliwa na wapenzi wa lugha, zikikosewa, huleta usumbufu tu. Mwanafunzi hupata jibu lisilo sahihi, karani hurudisha barua, mfasiri hulaumiwa, na mambo huendelea. Lakini ziko istilahi chache ambazo zikikosewa mtu hufa. Miongoni mwa hizo ni zile zinazotumika katika uwanja wa shabaha, yaani mahali palipotengwa ili watu wajifunze kulenga na kupiga bunduki. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno ya mahali hapo, hasa katika uwanja wa kijijini unaotunzwa na wananchi kwa kujitolea, usio na ofisi wala ukuta, na ambao wapitanjia wake ni wengi kuliko wapigaji wake.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, pamoja na kanuni na maelekezo yanayoandamana na sheria za namna hiyo, ni sehemu ya mzigo ambao wafasiri wamekabidhiwa. Mfasiri aketiye mezani na kamusi mbili aghalabu hujiuliza swali moja: neno hili lina maana gani? Tunapenda kuonyesha kwamba katika uwanja wa shabaha swali hilo halitoshi. Hapana budi aulize na la pili: mtu akilisikia nusu, au akilielewa kinyume, atafanya nini?

Neno lililofaulu

Kabla ya kulaumu ni haki kusifu. Neno mgambo ni mfano wa istilahi iliyofaulu. Zamani mgambo ulikuwa mbiu ya kuwakusanya watu, na methali inayosema kuwa la mgambo likilia kuna jambo inajulikana hata na watoto wa shule. Januari 1971 serikali ya Uganda ilipinduliwa, na Februari mwaka huohuo TANU ikatoa Mwongozo wake, ambao pamoja na mambo mengine ulitaka wananchi wafunzwe ulinzi nchi nzima. Jeshi lililotokana na wito huo likaitwa Jeshi la Mgambo. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa jina hilo. Lilikuwa tayari na maana ya jambo linalowahusu watu wote, la ghafla, na la kuitikiwa na kila mtu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipotokea, wanamgambo wengi waliingizwa vitani, na neno likazidi kupata heshima.

Hata hivyo, istilahi huishi kama watu, nayo huchafuka. Mijini mgambo amekuwa yule askari wa halmashauri anayewafukuza wachuuzi barabarani. Siku hizi hotuba za serikali hutaja zaidi jeshi la akiba, nao wanaofuzu mafunzo huitwa askari wa jeshi la akiba. Vijijini watu wanaendelea kusema mgambo, na afisa anayesimamia mafunzo wilayani bado ni Mshauri wa Mgambo. Hatuoni ubaya maneno haya mawili yakiishi pamoja, maadamu la kwanza linamtaja mtu kwa wito wake kwa jamii na la pili kwa nafasi yake katika ulinzi wa taifa. Ubaya ungekuwa kuyatumia kana kwamba ni vitu viwili katika tangazo moja, hata msomaji adhani kuna makundi mawili yanayoitwa uwanjani.

Kujitolea na lazima

Uwanja wa shabaha wa kijiji hausimami wenyewe. Kuna nyasi za kufyeka, mifereji ya kuzibua, mbao za kupigilia, bendera za kubadili, tuta la kuinua kila baada ya mvua, na watu wa kukaa njiani siku ya zoezi ili kuwazuia wapitao. Kazi hizi kwa kawaida huangukia wananchi, na matangazo huziita kazi za kujitolea.

Hapa kuna kasoro ya lugha ambayo watumishi wa serikali wanaifahamu vyema. Si ajabu kusikia katika mkutano wa kijiji kwamba "kujitolea ni lazima", na kwamba asiyefika atatozwa faini. Sentensi hiyo inajikanusha yenyewe. Kujitolea ni tendo la hiari. Kazi ya pamoja ambayo kila kaya inawajibika kuifanya kwa makubaliano ya kijiji ni jambo halali na la zamani, lakini si kujitolea. Katika milima ya Upare na Usambara kazi hiyo ina jina lake, msaragambo, na wenyeji hawachanganyi mambo haya mawili. Anayekwenda kwenye msaragambo anajua kwamba ana wajibu, na anayejitolea anajua kwamba anaweza kukataa.

Katika uwanja wa shabaha tofauti hii inahusu usalama. Kufyeka nyasi kunafaa kuwa msaragambo. Kushika bendera, kukaa katika handaki la waonyeshaji na kukagua bunduki ni kazi za mtu aliyekubali kwa hiari yake, akafunzwa, na jina lake likaandikwa. Mtu aliyesukumwa kushika bendera kwa kuogopa faini ataiacha mvua ikianza. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwandishi wa tangazo atenge mambo mawili: wajibu wa kijiji na kazi ya kujitolea. Asiliazime neno la pili ili kulipamba la kwanza.

Mahali pa kupimia

Istilahi haipimwi hewani. Ili hoja zetu ziwe na ardhi ya kukanyaga, tuzipime katika kata ya Malindi, wilayani Lushoto. Msomaji asiichanganye na Malindi ya pwani ya Kenya wala na mtaa wa Malindi wa mjini Zanzibar. Hii ni Malindi ya mlimani, katika Usambara ya Magharibi, ambako mabonde yamelimwa viazi, kabichi na karoti, miteremko imejaa mashamba na nyumba, na asubuhi nyingi ukungu huzuia macho yasione upande wa pili wa bonde.

Tuseme kijiji kimoja cha huko kimetenga bonde dogo kwa ajili ya mafunzo ya mgambo. Mafunzo hayo, kama yanavyoendeshwa mahali pengi nchini, huwa na kwata, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, elimu ya silaha na shabaha. Kilima kinafaa kuzuia risasi. Lakini mlimani hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Juu ya kilima kuna shamba, nyuma yake kuna kijia cha kwendea sokoni, chini yake kuna mfereji unaonywesha mboga. Risasi ya bunduki ya kivita iliyopigwa juu ya kilima yaweza kwenda zaidi ya kilomita 2 kabla ya kuanguka. Basi maneno ya uwanja huo yana wasikilizaji wa aina tatu: mwanafunzi aliyelala kifudifudi na bunduki, mwonyeshaji aliye ndani ya handaki, na mama aliyejitwika kabichi kichwani ambaye hakualikwa na wala hakufunzwa lolote. Istilahi isiyomfaa huyu wa tatu haifai.

Wala isidhaniwe kwamba habari za bunduki ni mpya katika milima hiyo, au kwamba Kiswahili hakina akiba ya maneno yake. Bunduki ziliingia Usambara kwa wingi kwa biashara ya karne ya 19, na mtawala Semboja wa Mazinde alijipatia nguvu kwa kuwa karibu na njia ya misafara. Historia ya Wakilindi iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, na wengi wetu tunaijua kwa toleo la 1962 lililohaririwa na J. W. T. Allen. Lugha ya nyakati hizo ilikuwa na gobori, baruti, marisau, na vitenzi vya kujaza bunduki kama shindilia na shamiri. Mwalimu anayefundisha shamirisho katika sarufi apaswa kujua kwamba umbo hilo ni la ukoo mmoja na kitenzi kilichotumika kwa baruti. Aliyesema lugha yetu ni maskini katika jambo hili hakuitafuta.

Maneno yenye nyuso mbili

Tuyatazame sasa maneno matatu ambayo kila mtu anayajua, na ambayo kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeyashuku.

La kwanza ni shabaha. Neno hili linataja kile kinacholengwa, linataja ustadi wa kulenga, na katika hotuba na taarifa linataja lengo la kazi. Mtu akisema "shabaha ya uwanja huu ni nzuri", je, anasifu mbao, wapigaji au kusudi la kijiji? Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika taarifa ya ukaguzi hautuokoi. Afisa akiandika kwamba "shabaha zimeharibika", anayeidhinisha fedha hawezi kujua kama zinahitajika mbao au mafunzo. Tunashauri kwamba kitu kinachopigwa kiitwe ubao wa shabaha, ustadi ubaki kuwa shabaha, na kusudi la kazi liachiwe neno lengo. Kwa njia hii hatutupi neno zuri. Tunalipa mipaka.

La pili ni risasi. Kwa asili ni jina la madini yale mazito laini ya rangi ya kijivu, na kwa kuwa vichwa vya risasi vilitengenezwa kwa madini hayo, jina likahamia kwenye kitu chenyewe. Leo linataja mambo manne: madini, risasi nzima iliyo tayari kupigwa, kichwa kinachotoka mtutuni, na mara nyingine hata ganda lililobaki. Tazama basi agizo hili: "Risasi zote ziokotwe kabla ya kuondoka uwanjani." Kijana ataokota maganda yanayong'aa, ataona amemaliza, na ataiacha risasi nzima iliyoshindwa kulipuka majanini, mahali ambapo mtoto ataikuta kesho. Agizo lilikuwa fupi na sahihi kwa kamusi, lakini halikufaa kwa kazi.

Utata huu una upande mwingine ambao haujazingatiwa vya kutosha. Vichwa vya risasi vinapozama katika tuta mwaka baada ya mwaka, madini yake huanza kuingia katika udongo, na katika udongo wenye asidi, kama ulivyo udongo mwingi wa milima yenye mvua, huyeyuka kwa urahisi zaidi. Mvua ikilimomonyoa tuta, udongo huo huteremka mferejini na hatimaye kwenye bustani. Uswisi ina mafunzo kwetu hapa. Huko askari wa akiba hutakiwa kwa sheria kupiga shabaha kila mwaka, viwanja hutolewa na serikali za mitaa, na mazoezi huendeshwa na vyama vya wapiga shabaha vya wananchi, mara nyingi kwa umbali wa mita 300. Kwa miaka mingi risasi zilipigwa katika matuta ya udongo, na sasa nchi hiyo inagharimia usafishaji wa matuta hayo. Mkulima wa Malindi akiambiwa kwamba "maji yana risasi", atacheka, kwa kuwa atafikiri anaambiwa kuna kitu cha kuokotwa kwa mkono. Akiambiwa maji yana sumu ya madini ya risasi, atauliza afanye nini. Basi tuseme madini ya risasi kila tunapokusudia madini, tuseme kichwa cha risasi na ganda la risasi tunapokusudia sehemu, na neno risasi peke yake litaje risasi nzima tu.

La tatu ndilo la hatari kupita yote, nalo ni wazi. "Uwanja uko wazi." Kwa mwenye duka, kilicho wazi ni kilichofunguliwa kwa kazi. Kwa mpitanjia, njia iliyo wazi ni ile asiyozuiwa kupita. Kwa msimamizi wa shabaha, uwanja ulio wazi ni ule usio na mtu mbele. Hivyo sentensi moja, ikitamkwa kwa sauti moja, yamwambia mpigaji kwamba aweza kupiga, na yamwambia mama mwenye kabichi kwamba aweza kupita. Hatuhitaji kueleza matokeo yake. Wala kosa hili haliwezi kuondolewa kwa kufafanua neno katika kamusi, kwani mpitanjia hakubeba kamusi. Dawa ni kuliondoa neno wazi katika lugha ya uwanja. Kibao kiandikwe: "Bunduki zinapigwa. Usipite." Bendera nyekundu ikishushwa, kibao kigeuzwe: "Hakuna kupiga. Pita." Naye mkaguzi amjibu msimamizi kwa kutaja watu badala ya uwanja: "Hakuna mtu mbele."

Amri na masikio

Amri ni istilahi ya namna ya pekee. Hailetwi machoni, huletwa masikioni, tena katika upepo, mwangwi wa mabonde na mlio wa bunduki. Masikio yaliyozibwa kwa pamba husikia zaidi mwisho wa neno, au silabi yenye mkazo, ambayo katika lugha yetu ni ile ya kabla ya mwisho.

Kwa kipimo hiki tuitazame amri ambayo mfasiri huifikia kwanza: "Acheni kupiga!" Kisarufi haina dosari. Lakini neno lake la mwisho, lenye mkazo, ndilo lilelile linaloamrisha kupiga. Aliyesikia nusu ya pili amesikia kinyume cha alichoambiwa. Inafaa ifahamike kwamba hata amri ya Kiingereza inayofasiriwa hivyo ina kasoro hiihii, kwani huishia kwa neno lilelile linaloanzisha upigaji. Mfasiri mwaminifu amefasiri maana, na pamoja na maana amefasiri hatari.

Wengine wamependelea "Simama!" Hili ni baya zaidi. Mwanafunzi amelala kifudifudi, akiambiwa simama atasimama, pengine akiwa na bunduki iliyokokiwa mkononi na kidole kwenye kifyatuo. "Koma!" ni fupi, lakini katika masikio ya watu wengi ni neno la kukemea, na tena lafanana mno na "koki". Tunapendekeza "Sitisha!", likitamkwa mara tatu. Halina silabi inayofanana na piga, halimwamrishi mtu kuinuka, na maana yake inajulikana kwa wote wanaosikiliza taarifa za habari, ambako husikika mara kwa mara kuhusu mapigano. Tena amri hii iwe ndiyo pekee inayoruhusiwa kutolewa na mtu yeyote, awe msimamizi, mwonyeshaji au mkulima aliye mtaroni.

Kwa upande wa kuanza, kitenzi piga kimebebeshwa kazi nyingi mno. Tunasema amepiga bunduki, kwa maana ya kufyatua. Amepiga ubao, kwa maana ya kupata. Na amepiga shabaha, kwa maana ya kufanya zoezi zima. Katika kumbukumbu za uwanja maneno "amepiga mara 5" hayasemi kama ni risasi 5 zilizotoka au 5 zilizopata. Lugha inavyo vitenzi vya kutosha kuyatenga haya: lenga, fyatua, pata, kosa. Mwandishi wa kumbukumbu aandike kwamba fulani amefyatua 5, amepata 3, amekosa 2. Kila hesabu ya risasi ambayo haikutimia ni risasi iliyobaki mahali fulani, na kutafuta ilipo huanza na kitenzi kilichoandikwa vizuri.

Moto wa kuazima

Kuna maneno mengine ambayo yametujia kwa kufasiri neno kwa neno. Magazeti huandika kwamba askari "walifungua moto". Waswahili hawafungui moto. Huwasha moto, huuchochea, huuzima. Bunduki hupigwa au hufyatuliwa, na risasi humiminwa. Kutokana na chanzo hichohicho tumepata "mstari wa moto", kwa maana ya mahali wanapojipanga wapigaji.

Kosa hili, mjini, ni la mtindo tu. Mlimani ni la maana pia. Malindi iko katika eneo la msitu wa Magamba, na wakazi wa kandokando ya misitu huzungumza juu ya moto kila kiangazi: moto ulioruka kutoka shambani, moto uliozimwa kwa matawi, njia iliyofyekwa ili moto usivuke. Mwananchi akiambiwa asikaribie mstari wa moto atatazama kama kuna moshi, na asipouona atapita. Mstari wa wapigaji ni jina linaloeleweka na kila mtu, nalo linamtaja mtu, si ndimi za moto. Vilevile msimamizi asiamrishe kwa kusema "Moto!" Neno hilo kila Mwafrika Mashariki amelizoea kuwa ni mwito wa kukimbilia maji.

Lakini tusihukumu kila kilichokopwa. Wanamgambo husema koki, magazini, kuruta na kombania, na maneno haya yameingia katika ngeli na minyambuliko yetu bila ugomvi: amekoki, imekokiwa, magazini mbili. Hayafanani na amri nyingine, na kila aliyepita mafunzo anayajua. Kuyaondoa ili kuyaweka maneno mapya ya asili yetu kungekuwa kuwafundisha watu upya wakati bunduki ziko mikononi. Renji tunaliona tofauti. Askari wanalielewa, lakini mpitanjia halielewi, na uwanja wa shabaha unasema jambo lilelile kwa wote wawili. Kwa hiyo kigezo chetu si asili ya neno. Kigezo ni nani analisikia.

Maneno ya matunzo

Yabaki maneno ya utunzaji, ambayo wafasiri huyapuuza kwa kuwa hayana fahari ya kijeshi. Ukuta wa udongo unaopokea risasi umepewa majina mengi: kinga, ngome, kizuizi, boma. Wenyeji wa Usambara hawana haja ya majina hayo, kwani neno lao ni tuta. Neno hilo lina historia. Mpango wa kurekebisha ardhi ulioanzishwa Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa baadaye katika Usambara uliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta, nao wakaupinga hadi ukaachwa kabla ya Uhuru. Pamoja na kumbukumbu hiyo chungu, au pengine kwa ajili yake, kila mtu huko anajua tuta ni nini, hubomoka vipi, na hurudishiwa udongo lini. Ukimwambia aliyejitolea kwamba "kizuizi kikarabatiwe", atangojea fundi. Ukimwambia tuta lipandishwe kabla ya masika, atakwenda kuchukua jembe.

Tuta la shabaha halina budi kuwa na udongo usio na mawe, kwa sababu risasi ikigonga jiwe hudunda na kushika njia nyingine. Tuiite risasi iliyodunda, kwa kitenzi ambacho watoto hukitumia kwa mpira. Udongo huo hutakiwa kuchekechwa kila baada ya muda ili kuondoa vichwa vya risasi, na hapa pia neno la jikoni, chekecha, linafaa kuliko neno lolote la kiwandani. Mahali wanapokaa wanaoonyesha alama paitwe handaki la waonyeshaji, na mfereji unaoyaepusha maji ya tuta na bustani uitwe mtaro wa pembeni.

Mapendekezo

Kwa kufupisha, tunaweka mbele ya wasomaji orodha hii ijadiliwe:

Uwanja wa shabaha: mahali palipotengwa kwa mazoezi ya kupiga bunduki.
Ubao wa shabaha: kitu kinacholengwa na kupigwa.
Mstari wa wapigaji: mahali wanapojipanga wenye bunduki.
Tuta la shabaha: kilima cha udongo usio na mawe kinachopokea risasi.
Handaki la waonyeshaji: shimo wanamokaa wanaoonyesha alama.
Risasi: risasi nzima, iliyo tayari kupigwa au iliyoshindwa kulipuka.
Kichwa cha risasi: sehemu inayotoka mtutuni.
Ganda la risasi: sehemu inayobaki baada ya kufyatua.
Madini ya risasi: madini yenyewe, hasa yanapozungumzwa katika udongo na maji.
Risasi iliyodunda: iliyogonga kitu kigumu na kubadili njia.
Sitisha: amri ya kuacha kufyatua mara moja, bila kuinuka.
Hakuna mtu mbele: jibu la mkaguzi kabla ya kuanza.

Zamani wafasiri walifundishwa kwamba istilahi njema ni fupi, sahihi, na yenye kunyambulika. Vigezo hivyo ni vya kweli na havina budi kuendelea kutumika. Tunachoongeza ni kimoja: pale ambapo neno ni amri au onyo, lipimwe kwa kosa ambalo laweza kulizaa. Kigezo hiki hakihusu bunduki peke yake. Kibao cha umeme, cheti cha dawa na tangazo la maji yasiyofaa kunywewa vyahitaji kupimwa vivyo hivyo.

Upimaji wenyewe si mgumu. Kabla ya kanuni za uwanja kupigwa chapa, zisomwe kwa sauti mbele ya watu watatu: aliyepita mafunzo, asiyepita, na mtoto wa shule ya msingi. Kila mmoja aulizwe atafanya nini akisikia neno hili. Wakitoa majibu mawili tofauti, neno hilo lirudishwe mezani, hata kama kamusi zote zimelikubali. Walimu na watumishi walio karibu na viwanja hivyo wana nafasi ya kufanya jaribio hilo na kutuletea matokeo yake, ili orodha iliyo hapo juu isahihishwe na wale wanaoishi mbele ya tuta na nyuma yake.